Mtakatifu Lidwina wa Schiedam, Aliyelala Kitandani Miaka 38

Katika nchi ya Uholanzi, huko Ulaya, uko mji uitwao Schiedam. Nchi ile ni tambarare, haina milima, na maji yake ni mengi. Mifereji yapita kila mahali, na mashua huenda ndani yake kama watu waendavyo njiani. Katika mji huo, mwaka 1380, alizaliwa mtoto msichana, akabatizwa kwa jina la Lidwina. Baba yake, Pieter, alikuwa wa ukoo wenye heshima, lakini mali ya ukoo ilikuwa imekwisha, naye alijipatia chakula kwa kazi ya kulinda mji usiku. Mama yake, Petronella, alikuwa binti wa watu maskini wa kijiji cha Kethel. Mungu aliwajalia watoto tisa. Wanane walikuwa wavulana, na Lidwina peke yake msichana.

Lidwina alikua kama watoto wengine wa maskini. Alimsaidia mama yake kazi za nyumba, na kuwapelekea ndugu zake chakula. Lakini tangu utoto alimpenda sana Bikira Maria. Katika kanisa la Schiedam ilikuwapo sanamu ya Mama wa Mungu, na mara nyingi mtoto huyo alipotumwa njiani alipita kwanza kanisani kumwamkia Mama yake wa mbinguni. Alipokuwa msichana mwenye sura nzuri, watu walianza kumposa. Baba yake alitaka kumwoza, lakini Lidwina alikataa, maana alikuwa amekwisha azimia moyoni kuwa wa Mungu tu.

Huko Uholanzi wakati wa baridi hudumu miezi mingi. Jua huonekana kidogo, na mwangaza wake ni dhaifu. Baridi ikizidi, maji ya mifereji hugeuka barafu ngumu kama jiwe, hata watu waweza kutembea juu yake. Hapo vijana hufunga chini ya viatu vyao vibao vyenye chuma, wakateleza juu ya barafu kwa mbio na kucheka. Siku moja katika baridi ya mwaka 1395, Lidwina akiwa na umri wa miaka 15, rafiki zake walikuja kumwita wateleze pamoja. Akaenda nao. Mmoja wa wasichana wale, akija kwa mbio, alimgonga bila kukusudia, naye Lidwina akaanguka kwa nguvu juu ya barafu. Mbavu moja ya upande wa kuume ikavunjika. Wakamchukua mpaka nyumbani, wakamlaza kitandani.

Wazazi wake walidhani kwamba mfupa utaunga na mtoto atapona. Lakini haikuwa hivyo. Pale alipoumia palitokea jipu, likapasuka, na vidonda vikafuata. Kisha yakaja mambo mengine ambayo hakuna aliyeyatazamia. Kichwa kilimwuma sana, na meno pia. Miguu yake ilianza kulegea. Mwanzo alijikokota kwa kushika viti na kuta, baadaye alitambaa, na alipofika miaka 19 miguu yote miwili ilikuwa imepooza, na macho yake yalikuwa yameharibika. Mwaka hata mwaka ugonjwa uliendelea. Pengine ulitulia kidogo, kisha ukarudi kwa nguvu. Jicho la kuume likapofuka, na la kushoto halikuweza kuvumilia mwangaza. Mkono wa kuume ukafa. Kumeza chakula kulikuwa taabu kubwa. Mwishowe aliweza kusogeza kichwa na mkono wa kushoto tu.

Wazazi waliita waganga, wakatumia mali yao kidogo waliyokuwa nayo. Dawa hazikufaa. Yasimuliwa kwamba mganga mmoja mwenye sifa, baada ya kumtazama, aliwaonya wazazi wasijifilisi bure, kwa kuwa ugonjwa ule ulipita elimu ya wanadamu wa wakati ule. Mganga huyo alisema kweli. Wakati ule hakuna mtu duniani aliyejua ugonjwa ule ni nini, wala watokea wapi.

Lakini mahali ambapo watu hawajui sababu, maneno hayakosi. Ndivyo ilivyokuwa Schiedam. Wengine walisema kwamba rafiki aliyemgonga ndiye aliyemharibia maisha. Wengine walinong'ona kwamba msichana yule amepagawa na pepo mbaya. Hata paroko mmoja wa mji hakumwamini, akamshuku na kumjaribu. Watu waliuliza jambo lile lile ambalo watu wa nchi zote huuliza penye ugonjwa usiojulikana: ni nani aliyemletea? Na maneno ya namna hii yalimwuma Lidwina kama vidonda vyake, kwani mgonjwa anayeshukiwa huugua mara mbili.

Yafaa kujua kwamba Lidwina hakuwa mtakatifu siku alipoanguka. Miaka ya kwanza alilia mno. Aliposikia nje vijana wenzake wakicheka juu ya barafu, moyo wake ulijaa uchungu. Aliona kwamba Mungu amemsahau, na hakutaka kufarijiwa. Hapo Mungu alimtumia padri mwema, jina lake Jan Pot. Padri huyo hakumwuliza amefanya dhambi gani, wala hakutafuta mtu wa kulaumiwa. Aliketi karibu na kitanda, akamfundisha kufikiri Mateso ya Bwana wetu Yezu Kristu: jinsi alivyotoa jasho la damu bustanini, jinsi alivyopigwa, jinsi alivyotundikwa msalabani asiweze kusogeza mkono wala mguu. Mwanzo Lidwina alishindwa. Fikira zake zilirudi daima katika maumivu yake mwenyewe. Lakini padri hakuchoka, akamletea Ekaristi Takatifu. Kidogo kidogo neema ya Mungu ilifanya kazi. Lidwina alielewa kwamba hayuko peke yake msalabani, na kwamba maumivu yake yaweza kuwa sadaka kwa ajili ya wengine.

Tangu siku hizo kitanda chake kikawa kama mimbari. Watu wenye huzuni walikuja kutoka mbali kumwona, nao walirudi wametulia. Waliomletea sadaka hawakuona akijiwekea kitu: alichopewa asubuhi, jioni kilikuwa mikononi mwa maskini, wajane na wagonjwa wengine. Alisali usiku na mchana, maana usingizi ulikuwa umemkimbia. Chakula alikula kidogo mno, hata mwaka 1421 wakubwa wa mji wa Schiedam waliandika hati kushuhudia hali yake, jinsi alivyoishi bila kula wala kulala kama watu wengine. Watu walisimulia pia maono aliyojaliwa. Katika ono moja alionyeshwa mti wa maua ya waridi, akajulishwa kwamba siku mti ule utakapochanua wote, mateso yake yatakwisha. Miaka ikapita. Wakati wa machipuko wa mwaka 1433 aliona kwamba waridi limechanua. Katika juma la Pasaka, tarehe 14 Aprili, alikufa kwa amani, akiwa na miaka 53. Alikuwa amelala kitandani miaka 38.

Mwaka uliofuata kanisa dogo lilijengwa juu ya kaburi lake, na watu wakaja kuhiji. Thomas à Kempis, mtawa yule anayejulikana kwa kitabu cha kumfuata Kristu, aliandika maisha yake. Mwaka 1615 masalio yake yalipelekwa Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji, yakarudishwa Schiedam mwaka 1871. Tarehe 14 Machi 1890 Baba Mtakatifu Leo XIII alithibitisha heshima ambayo wakristu walikuwa wakimpa tangu zamani. Sikukuu yake ni tarehe 14 Aprili, nao wagonjwa wa siku nyingi humwomba awaombee.

Yabaki neno la ugonjwa wake. Miaka zaidi ya 400 baada ya kifo cha Lidwina, huko Paris, katika hospitali ya Salpêtrière, mganga mkubwa Jean-Martin Charcot alichunguza wagonjwa waliotetemeka, waliolegea miguu na waliopungukiwa na nguvu ya macho. Walipokufa, alitazama ubongo wao na uti wa mgongo, akakuta mabaka magumu yaliyotawanyika huku na huku. Mwaka 1868 alieleza ugonjwa huo wazi na kuupa jina. Kwa Kiswahili twaweza kuuita sklerosi ya mabaka.

Ugonjwa huo wafanya nini? Ubongo hutuma amri kwa viungo vyote kwa njia ya mishipa ya fahamu, kama vile umeme unavyopita ndani ya waya. Waya wa umeme umefunikwa kwa ganda, ili umeme usipotee njiani. Hata mishipa ya fahamu ina ganda lake la mafuta. Sasa Mungu ameuwekea mwili askari wadogo ndani ya damu, nao kazi yao ni kupigana na vijidudu vya magonjwa. Katika sklerosi ya mabaka askari hao hukosea: humdhani ndugu kuwa adui, wakalishambulia ganda la mishipa na kulila. Ganda likiliwa, amri za ubongo hukawia au hupotea. Ndipo jicho linapofifia, mguu unapolegea, mkono unapokufa ganzi. Na kwa sababu pengine askari hupumzika, ugonjwa huweza kutulia miezi au miaka, kisha ukarudi.

Mwaka 1979 mganga mmoja alisoma tena habari za kale za Lidwina. Aliona kwamba ugonjwa ulioanza katika ujana, ukaharibu miguu, jicho na mkono, ukatulia na kurudi, ukaendelea miaka zaidi ya 30, wafanana sana na sklerosi ya mabaka. Kama ndivyo, Lidwina ni mmoja wa wagonjwa wa kwanza wa ugonjwa huo ambao habari zao zimeandikwa. Hakuna awezaye kuthibitisha kabisa, maana mganga hawezi kumpima mtu aliyekufa kale, na vidonda vyake vyaweza kuwa na asili nyingine. Lakini kwa kufikiri ugonjwa huo, wakristu waweza kuyapima maneno ya watu wa Schiedam.

Je, ni rafiki aliyemgonga? Anguko lilivunja mbavu, nalo laweza kuleta jipu. Lakini waganga wamechunguza sana kama kuanguka au kupigwa kwaweza kuleta sklerosi ya mabaka, wasione kwamba ni hivyo. Basi, kama Lidwina alikuwa na ugonjwa huo, msichana yule aliyemgonga hakuuleta. Kama alikaa maisha yake yote akijilaumu, alibeba mzigo usio wake.

Je, ni sababu gani basi? Elimu ya leo yajibu kwamba sababu si moja. Mambo kadhaa hukutana, kama vijito vinavyoingia katika mto mmoja. Jambo la kwanza ni virusi viitwavyo Epstein-Barr, ambavyo hupita kwa mate. Mwaka 2022 wachunguzi wa Marekani walitangaza kwamba walifuatilia habari za askari wa nchi yao zaidi ya milioni 10, ambao 955 kati yao walipata ugonjwa huo. Waliona kwamba baada ya kuambukizwa virusi hivyo hatari ya kuugua iliongezeka mara 32. Lakini virusi hivyo vimo katika miili ya watu wazima karibu wote duniani, zaidi ya 90 katika kila 100, na wengi mno kati yao hawaugui kamwe sklerosi ya mabaka. Kwa hiyo virusi ni kama mlango: bila kuupita ni vigumu ugonjwa kuingia, lakini wengi waupita wakabaki wazima.

Jambo la pili ni urithi wa damu. Ugonjwa wenyewe haurithiwi kama sura inavyorithiwa. Mama au baba akiwa nao, kati ya watoto 100 huenda 2 au 3 tu wakaupata. Hata mapacha wanaofanana kabisa, mmoja akiugua, mwenzake huugua mara moja tu katika mara nne hivi. Kinachorithiwa ni wepesi wa kushikwa.

Jambo la tatu ni jua. Ugonjwa huu ni mwingi katika nchi zilizo mbali na ikweta, ambako jua ni haba wakati wa baridi, kama vile Uholanzi. Jua likipiga ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, na waliopungukiwa nayo wana hatari zaidi. Katika Afrika ya kati ugonjwa huonekana mara chache, ingawa wengine hawatambuliwi kwa kukosa mashine za kupiga picha za ubongo.

Tena wanawake huugua mara mbili au tatu kuliko wanaume, na ugonjwa huanza mara nyingi kati ya miaka 20 na 40, pengine hata mapema, kama ilivyokuwa kwa Lidwina. Kuvuta tumbako huongeza hatari, hata unene wa kupita kiasi katika ujana. Tumbako haikuwa imefika Ulaya wakati wa Lidwina. Lakini kijana wa leo ana sababu moja zaidi ya kuiacha.

Katika mambo hayo yote, pepo hayumo, wala ulozi, wala laana ya wazee. Hayumo mtu mwenye nia mbaya. Wala ugonjwa huu hauambukizi: aliye mzima aweza kula na mgonjwa sahani moja, kumwosha, kulala karibu naye, bila kuupata. Dawa ya kuuondoa kabisa haijapatikana, lakini tangu mwaka 1993 zimepatikana dawa za kupunguza mashambulio yake, na zinazotolewa mapema hufaa zaidi. Kwa hiyo kijana anayepoteza ghafula nguvu ya jicho moja, au ambaye miguu yake yalegea na kufa ganzi, hata kama baada ya majuma machache apata nafuu, apelekwe hospitalini. Asipelekwe kwa mfumu. Mfumu hatamponya, atataja tu jina la jirani, au la shangazi mzee, au la mke wa kaka, na kutoka siku hiyo katika ukoo watakuwamo wagonjwa wawili: yule aliyepooza, na yule aliyesingiziwa.

Wakatekumeni wakumbuke habari ya kipofu tangu kuzaliwa, iliyoandikwa katika Injili ya Yoane. Wafuasi walimwuliza Yezu kama aliyekosa ni mtu yule au wazazi wake. Yezu alikataa yote mawili. Hakutafuta mwenye hatia. Aliinama, akatengeneza tope, akampaka macho, akamponya. Njia hiyo ndiyo aliyoifuata padri Jan Pot. Alikuwa hana dawa, hata hakujua jina la ugonjwa. Lakini alijua njia ya kufika kwenye kitanda, akaipita siku nyingi, akaketi.

Katika kila kijiji yumo mtu anayelala ndani siku nyingi, ambaye watu hupita mlango wake wakinong'ona. Anayejiandaa kwa Ubatizo na aende kwake juma hili. Apeleke maji, kuni, au chakula kidogo. Asiulize ni nani aliyemroga. Aketi naye, asali naye, na kama yupo mganga karibu, asaidie kumbeba mpaka kwake. Naye Mtakatifu Lidwina, aliyeshukiwa na watu wake miaka mingi, atawaombea wote wawili, anayelala na anayekuja kumwona.